Uvimbe mweusi kwenye umio: andikeni rangi, na mvueni viatu

Jamani, hii naandika kwa wenzangu tunaofanya kazi hospitali huku Kigoma, na kwa ndugu wenye mgonjwa. Mzee akija anasema ugali unakwama, hata mgebuka wa mchuzi haushuki na mwili umeisha, sote tunawaza saratani ya umio ya kawaida, na sio vibaya kuwaza hivyo maana Afrika Mashariki imetujalia huo ugonjwa kwa wingi. Ila kuna siku kamera inaingia unakuta uvimbe umening'inia ndani, laini, mweusi tii, katikati ya umio au chini zaidi, na vidoa vyeusi pembeni.

Hiyo inaweza ikawa melanoma, yaani saratani ya seli za rangi, iliyoanzia humo humo. Wengi wanashangaa, melanoma si ya ngozi? Lakini kuna watu seli za rangi wanazo mpaka kwenye umio, sema saratani yake ni adimu mno, kama asilimia 0.1 hadi 0.2 tu ya saratani zote za umio.

Shida ni kwamba rangi inadanganya pande zote mbili. Kuna weusi usio saratani kabisa, seli za rangi zimejazana tu. Halafu kuna melanoma isiyo na rangi, nyeupe au pinki, na hiyo kwenye hadubini inafanana sana na kansa nyingine ambazo seli zake zimepoteza umbo lake la kawaida, mpaka ipakwe dawa maalum za maabara za kutambua seli za rangi, yaani S-100, HMB-45 na Melan-A.

Sasa kinyama tulichokata kwenye uvimbe kinasafiri ndani ya fomalini, dawa ya kukihifadhi, mpaka maabara ya Mwanza au Dar, na anayekisoma kwenye hadubini hajamuona mgonjwa, ana fomu tu. Na fomu utakuta imeandikwa "anashindwa kumeza" basi! Naombeni sana, andikeni mlichoona, rangi, kiko wapi, kimekaaje, ndio atajua apake dawa gani. Kateni na kipande cha ukingoni pia, maana seli za melanoma zikionekana kwenye utando wa jirani zinasaidia kuonyesha kwamba imeanzia hapo.

Halafu mkagueni mgonjwa mwili mzima, kwa sababu inaweza ikawa imetoka sehemu nyingine ikahamia kwenye umio. Sisi watu weusi melanoma inapenda nyayo, viganja na chini ya kucha, kwa hiyo vua soksi, angalia katikati ya vidole, kisha macho, mdomo na njia ya haja kubwa. Ndugu wakiuliza kwa nini mzee anaumwa koo anavuliwa viatu, waelezeni vizuri, wataelewa.