Siku tuliyokodi mlango Manzese

2018 hiyo, nina kiofisi changu cha kudizaini pale Sinza, kazi zenyewe kadi za harusi na mabango ya saluni, ikaingia kazi ya shirika moja wanataka bango la mimba za wanafunzi. Mama aliyeileta alikuja na wazo lake limeshaiva kabisa: binti kavaa sare, kajifunika uso analia, pembeni pingu, juu maandishi mekundu MIAKA 30 JELA. Hiyo miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba ni kweli, Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, ila binti anayelia tumeshamwona kwenye mabango mpaka macho yamezoea, mtu anapita wala hageuki.

Nikamuuliza, mama, huyo binti tunampata wapi? Ukimpiga picha aliyepata mimba kweli umemwanika mtaa mzima, ukimvisha sare mtoto wa jirani kesho shuleni anataniwa na hilo bango mpaka amalize. Akawa kimya. Mi kichwani nilikuwa na lile bango la Uingereza la 1970 tuliloonyeshwa na mwalimu chuoni, mwanaume kavaa sweta ana tumbo la mimba kalishika, ujumbe wake ingekuwa wewe ndo unayebeba mimba si ungekuwa mwangalifu zaidi. Picha ya kupanga ile, kila mtu anajua haiwezekani, na hamna anayelia humo, lakini ukishaiona haikutoki.

Ndo nikamwambia tupige picha ya viatu. Kwetu mtu akiingia ndani anavua viatu mlangoni, yaani ukiona viatu tu unajua nani yuko ndani. Viatu vyeusi vya shule na soksi nyeupe, pembeni vya mwanaume, mlango umefungwa, basi.

Sasa mlango wenyewe! Gesti zote tulizoomba walitufukuza, mmoja akatishia kuita mgambo. Manzese tukapata mama mwenye nyumba ya kupangisha, mlango wa bluu rangi imebanduka vizuri kabisa, akatutazama akasema, "Wanangu, mnataka nyumba yangu ionekane gesti bubu?" Tukamwelewesha weee, akakubali kwa elfu ishirini na sharti namba ya nyumba isionekane.

Halafu ugomvi ukahamia kwenye viatu vya mwanaume. Mpiga picha kaja na moka zinang'aa, nikamwambia ukiweka hizi bodaboda wote watasema hao ni mafataki wenye magari wanaorubuni wanafunzi, sisi hatumo. Akatoa yeboyebo. Nikasema hapo nao wenye magari watasema unaona, ni bodaboda hao. Tulibishana mpaka jua linataka kupanda, mwisho mume wa yule mama akapita na viatu vyake vya kamba, vya kahawia, kisigino kimelika upande, vya baba yeyote wa mtaani. Shikamoo mzee, tunaomba viatu. Alivua akabaki na kandambili za mkewe, hakuuliza hata vya nini, aliuliza baadaye na hakufurahi.

Vya shule tuliazima, vilikuja vimepigwa kiwi vikawa kama vya dukani, jamaa akavipaka vumbi akavikunja kidogo. Soksi moja ndani ya kiatu, nyingine imedondoka nje. Hiyo ya kudondoka tuliipanga muda mrefu kuliko kitu chochote, ikilala vizuri inadanganya, ikitupwa sana inaigiza. Karatasi ya manila upande mmoja kurudisha mwanga, na nikamwomba aniachie ukuta mtupu kushoto wa kuweka maneno, maana wapiga picha wakiachwa wanajaza fremu yote halafu mdizaini unahangaika.

Nikaprinti Kariakoo bila maneno, nikaenda nayo kituo cha daladala kuuliza watu wanaona nini. Kijana wa kwanza: "Hivyo vya kahawia bei gani bro?" Aisee. Kumbe picha peke yake ilikuwa duka. Nikarudi kwenye kompyuta, pale ukutani nikaandika maneno madogo meupe tu: Jumanne, saa 4 asubuhi. Nikarudi kituoni, dada mmoja muuza karanga akaangalia, akasoma, akaangalia tena viatu, akasema "mtoto huyu shule hajafika" kisha akasonya. Sikuuliza mtu mwingine.

Mama wa shirika aliing'ang'ania miaka 30 yake, tukaiweka chini kwa herufi ndogo, mpaka leo naona haikuhitajika lakini ndo aliyekuwa analipa.

Bango lilibandikwa mpaka ofisi ya kata, haikupita wiki mwenye mlango akapiga simu, wapangaji wanamtania kila asubuhi, wanamuuliza chumba cha Jumanne shilingi ngapi. Alitaka hela ya rangi. Nikamtumia kwa simu, akapaka kijani.