Kulia au Kushoto: Safari Yetu Nchi ya Wahiti

Hadi leo ukimuuliza Baba Neema atakwambia nilisema kulia. Nilisema kushoto. Ilikuwa Oktoba 2018, Sungurlu, mji mdogo wa katikati ya Uturuki. Mbele yetu kipilefti, na sisi tumo ndani ya gari la kukodi ambalo usukani umekaa pale ambapo kwetu hukaa abiria. Nadhani neno lenyewe ndilo lililomponza. Zaidi ya miaka 30 mume wangu ameendesha Dodoma na Morogoro, akifika kipilefti anashika kushoto bila kufikiri. Kule wanashika kulia. Alipogutuka, trekta lilikuwa linatujia usoni likivuta trela la viazi-sukari hadi pomoni. Akakata kona kuukimbia uso wa trekta, na saiti mira ya upande wangu ikapiga nguzo ya taa, ikabaki inaning'inia kwa waya kama jino la mtoto.

Mwenye trekta alishuka. Mimi nilishaanza kuhesabu fedha kichwani. Yeye akatazama kioo, akatutazama sisi, akachukua kamba ya plastiki kwenye trela lake akakifunga, kisha akatuelekeza kwa kidole kwenye kibanda cha chai. Tulikunywa glasi mbili mbili, zile ndogo zenye kiuno. Kituruki chetu kilikuwa "teşekkür" tu, yaani ahsante, tukaisema mpaka ikachakaa. Kati yetu wawili, hakuna aliyesema neno.

Tuanze nyuma kidogo. Neema wetu alikuwa anasoma Ankara kwa ufadhili, na mwaka ule lira ilikuwa imeanguka vibaya, kwa hiyo akiba yetu ya kustaafu ghafla ikaonekana ni mali. Tukasema twende tumwone mtoto. Tulipofika tukamkuta yuko katikati ya mitihani ya muhula. Siku ya tatu akatwambia, kwa adabu lakini akimaanisha, "Baba, si ulikuwa unataka kuwaona Wahiti wako? Kodini gari."

Wahiti wake kweli. Mume wangu ni mhasibu mstaafu na mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi amefundisha shule ya Jumapili. Uria Mhiti, yule aliyeporwa mke na Mfalme Daudi kisha akapelekwa akafie vitani, anamsikitikia kama jirani. Efroni Mhiti, aliyemuuzia Abrahamu pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, hamsikitikii hata kidogo. Anasema ile bei ilipandishwa kwa sababu muuzaji alijua mnunuzi ana msiba. Wataalamu bado wanabishana kama Wahiti wa Kanaani ndio hao hao wa Anatolia, nchi ambayo leo ni Uturuki. Baba Neema habishani. Alitaka kwenda kuona.

Makumbusho ya Ustaarabu wa Anatolia yako Ankara, chini ya ngome ya zamani, ndani ya soko la kale lenye kuba nyingi lililojengwa na Waosmani. Nilidhani tutakaa saa moja. Tulikaa tano, na sehemu kubwa mume wangu aliitumia mbele ya vibao vidogo vya udongo kutoka Kültepe, vingine havizidi ukubwa wa kipande cha sabuni. Huko Waashuru walikuwa na kituo cha biashara karibu miaka 4,000 iliyopita, wakileta bati na vitambaa kwa misafara ya punda, wakirudi na fedha na dhahabu. Vimefukuliwa vibao zaidi ya 20,000, na vingi ni hesabu: nani anadaiwa, riba kiasi gani, mashahidi nani. Hata bahasha zilikuwa za udongo, na mihuri imegongwa juu yake. "Mama Neema, hii ni ankara," akaninong'oneza, kisha akajicheka mwenyewe kwa sababu ndilo jina la mji.

Mimi nilishikwa na chungu cha İnandık. Ni kirefu, kimo chake kinakaribia nusu ya mtu, cha mnamo 1600 K.K., na kimezungukwa na picha za udongo mistari minne, ambazo unazisoma kuanzia chini kwenda juu. Chini watu wanapika. Juu yao kuna wapiga vinanda na waendao kwenye ibada, kuna kitanda, kuna mtu anayechinja fahali. Mstari wa juu kabisa una wapiga matoazi, wanasarakasi, na mwanamume na mwanamke katika tendo lenyewe la ndoa, wamefinyangwa bila kuona haya. Mzee wa kanisa alipofika pale aliinama akasoma kibandiko kwa makini mno. Kilikuwa cha Kituruki.

Karibu na kutoka niliona kibao ambacho Nefertari, mke wa Farao Ramesses wa Pili, alimwandikia Puduhepa, malkia wa Wahiti. Anamsabahi kama dada, anasema kwake na nchini kwake ni salama, na anamtumia mkufu wa dhahabu wa nyuzi 12 pamoja na nguo za rangi. Waume zao wafalme walikuwa wametoka kwenye uhasama mkubwa, na hawa wanatumiana mikufu. Nikamwonyesha Baba Neema. Akasema, "Hao ndio waliokuwa wanaendesha mambo." Kesho yake, Sungurlu, nilimkumbusha kauli hiyo kwa sauti ambayo sikupaswa kuitumia.

Kutoka Sungurlu hadi Boğazkale ni kama kilomita 30. Kilomita 30 za kimya na kioo kinachogonga mlango.

Boğazkale ni kijiji kilichokaa miguuni mwa Hattusa, mji mkuu wa dola la Wahiti. Makumbusho yake ni madogo, na mlinzi alituwashia taa. Ndani wamesimama sfinksi wawili wa mawe, nyuso za wanawake, miili ya simba. Walipelekwa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili watengenezwe. Mmoja akarudi Uturuki mwaka 1924. Mwingine akabaki Berlin, ukutani, hadi mwaka 2011. Nilisimama kati yao nikafikiria miaka 87 ya kungojana. Nilitamani kumwambia mwenzangu, lakini bado nilikuwa nimenuna, na mtu aliyenuna hatoi habari bure.

Magofu yenyewe yamepanda mlima. Unaendesha, unasimama, unashuka, unapanda tena. Pale mwanzoni Wajerumani wamejenga upya mita 65 za ukuta kwa tofali mbichi, zile zile za udongo na majani makavu, na hapo ndipo Baba Neema alipoanza kusahau ugomvi. Yeye ni Mgogo, amezaliwa ndani ya tembe. Alipapasa ukuta kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe, akasema, si kwangu, kwa ukuta, "Hii lazima uipake kila mwaka." Kwenye Lango la Mfalme alimsalimia yule mungu mwenye shoka, wa asili tulikuwa tumemwona jana yake Ankara, huyu ni nakala. Kuna pia jiwe la kijani la mchemraba, limelainika kama limepakwa mafuta. Watu wanaliwekea mkono na kuomba wanachotaka. Niliweka mkono nikaomba kioo kisiwe ghali.

Kisha tukafika Yerkapı. Ni boma refu la udongo na mawe lililoinuliwa na watu, na chini yake linapita handaki la mita 71, mawe yameegemezwa pande mbili hadi yakakutana juu kwa ncha. Mwanga uko mbele, mdogo kama tundu la sindano. Mimi giza siliwezi tangu utotoni, na hilo analijua. Niliingia nikiwa nyuma yake hatua tatu, kwa heshima ya ugomvi. Katikati nilijikuta nimeshika koti lake. Hakugeuka. Alipunguza mwendo tu.

Usiku tulilala kwenye nyumba ya wageni pale kijijini. Nimesomesha Kiswahili sekondari maisha yangu yote, kwa hiyo cha Wahiti kilichonikaa zaidi ni lugha yao. Mwaka 1915 Mcheki mmoja, Bedřich Hrozný, alikuwa akikodolea macho sentensi kwenye kibao cha Hattusa: nu NINDA-an ezzatteni watar-ma ekutteni. Alama ya mkate aliijua. Ezza- ikamkumbusha "kula" kwa Kijerumani, watar ikajisema yenyewe. Basi: mtakula mkate na maji mtakunywa. Kwa sentensi ya mlo, lugha iliyokuwa imelala miaka 3,000 ikafunguka, ikaonekana ni ndugu wa mbali wa Kijerumani na Kiingereza. Mwenye nyumba alipoleta mkate wa moto na jagi, nikasogeza jagi mbele ya mume wangu nikasema, "Watar."

Akanitazama. "Wahiti ndivyo walivyokuwa wanaomba radhi?"

"Mimi nimekukaribisha maji tu, Baba Neema."

Akanywa.

Asubuhi tulikwenda Yazılıkaya, uwazi katikati ya miamba ambako miungu imechongwa ikiandamana, wa kiume upande mmoja na wa kike upande wa pili, hadi wakutane. Kwenye chumba cha pili chembamba, mungu Sharruma amemkumbatia Mfalme Tudhaliya wa Nne begani, mkono mwingine umemshika kifundo cha mkono. Tulikaa hapo hadi jua likahama. Magofu ya Alacahöyük na mji wa Çorum tulipita haraka, kwa sababu ya mvua na kioo. Çorum nakumbuka zaidi dengu za kukaanga, wanaziita leblebi. Tulinunua kilo mbili na Neema akala zote.

Tuliporudisha gari Ankara, kijana wa kaunta alitupa fomu ya ajali. Baba Neema alijaza maelezo ya dereva, nikasoma begani kwake: "abiria alielekeza kulia." Nikaomba fomu ya pili. Kijana akashangaa, lakini akatoa. Zote mbili zilipigwa mhuri, na kioo tulilipa mara moja tu, ingawa si kidogo.

Siku mbili baadaye tulikuwa Istanbul, Makumbusho ya Mashariki ya Kale, mbele ya kibao cha mkataba wa amani wa Hattusili wa Tatu, mume wa Puduhepa, na Ramesses wa Pili, wa mnamo 1259 K.K. Kimevunjika, rangi ya biskuti. Misri na Wahiti walikuwa wamepigana Kadeshi, mji wa Syria ya kale, miaka kama 15 kabla, na Ramesses alijaza mahekalu yake picha za ushindi, ingawa Kadeshi yenyewe ilibaki kwa Wahiti. Mkataba unasema wakimbizi warudishwe, na wakirudishwa wasidhuriwe macho, wala masikio, wala mdomo, wala miguu. Nakala ya hekalu la Karnak, Misri, inaanza kwa kusema wajumbe wa Wahiti walikuja kumwomba Farao amani. Kilichopatikana Hattusa hakina maneno hayo. Na nakala ya fedha iliyopelekwa Misri ilikuwa na muhuri wa Hattusili upande mmoja, na wa Puduhepa upande wa pili.

Nilimsimulia haya yote pale pale, kwa urefu. Alisikiliza mikono nyuma, kama anavyosikiliza ripoti ya mweka hazina.

"Kwa hiyo hapa hawajaandika nani aliomba," akasema.

"Hawajaandika."

"Basi tuache hivyo hivyo." Akasogea kibao kinachofuata, kisha akageuka. "Lakini ulisema kulia."