Huruma kwa Asiyeweza Kushukuru

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii moyo wangu umelemewa na hali ya mzee wetu wa kanisa, ambaye amelazwa hapa Moshi katika chumba cha wagonjwa mahututi, akiwa usingizini kwa dawa na akipumua kwa msaada wa mashine. Niliporuhusiwa kuingia, nilimkuta muuguzi akivuta pazia. Kabla ya kumgusa alimwinamia na kusema, “Shikamoo, babu. Nakugeuza ulalie ubavu wa kushoto.” Kisha akamsafisha kinywa na kukagua visigino, kwa kuwa mgonjwa asiyejigeuza hupata vidonda, na aliyelazwa usingizi huenda bado anasikia. Mama, mke wa mzee, naye alielezwa hali ilivyo, bila kutishwa wala kupewa tumaini la uongo.

Sisi watu wa Moshi tunaufahamu vyema mfano wa Msamaria Mwema, hata hospitali yetu ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko chini ya shirika lenye jina hilo. Lakini someni tena Luka 10: yule majeruhi, aliyeachwa karibu ya kufa, hasemi neno lolote tangu mwanzo hadi mwisho. Msamaria alimfunga jeraha na kumtunza mtu ambaye hatusomi popote kwamba alimshukuru. Huruma ya namna hiyo haitegemei jibu la mgonjwa. Ndiyo maana mtu asiyeweza kuitika “marahaba” anaamkiwa kwa heshima ile ile.

Hapa sina budi kusema na sisi wenyewe. Muuguzi alivuta pazia, lakini mmoja wetu alimpiga mzee picha, na kabla ya jioni ikawa imesambaa katika makundi ya simu ya jumuiya, mipira ya kupumulia ikiwa mdomoni na kifua wazi, eti tumwombee. Wapendwa, katika mfano ule waliomvua mtu nguo ni wanyang’anyi. Mungu anamjua mzee wetu bila picha. Aliye nayo aifute leo.

Watakaokwenda kumwona waende wawili wawili, wanawe mikono, waombe kwa sauti ya chini na watoke wakiambiwa muda umekwisha. Tuliobaki twende nyumbani kwake, kwa maana mama anashinda hospitalini na ng’ombe zizini hawana wa kuwakatia majani.