Nyumba ya Camberwell: mwaka umepatikana ndani ya herufi B

Umepatikana jamani! Tarehe 6 Juni 1841, siku ya sensa, nyumba yetu ilikuwa bado inajengwa. Ushahidi wenyewe ni herufi moja ya penseli.

Kwa waliojiunga karibuni: ni ile nyumba pacha ya kusini mwa London ambayo nimepanga sehemu yake ya chini. Naiandikia taarifa ya umuhimu wa kihistoria kabla mwenye nyumba hajang'oa madirisha ya mbele aweke ya plastiki. Haimo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na hapo ndipo mwaka unapokuwa na uzito. Nyumba za Uingereza zilizojengwa kati ya 1700 na 1850, zikiwa bado na sehemu kubwa ya umbo lake la asili, nyingi hustahili kuorodheshwa. Baada ya 1850 mchujo ni mkali, kwa sababu zilijengwa nyingi mno. Kusema tu "ya zama za Malkia Victoria" hakusaidii kitu. Malkia mwenyewe alitawala mpaka 1901.

Sasa kisa chenyewe: namba za milango. Namba ya leo haifui dafu kwenye karatasi za zamani. Kila safu ya nyumba ilikuwa na jina lake na namba zake zinazoanza na moja, mpaka bodi ya jiji iliyoundwa 1855 ilipoanza kufuta majina hayo na kupanga upya, witiri upande huu, shufwa upande ule. Wenzetu wanaochunguza nyumba za Middlesex, kaunti ya ng'ambo ya Mto Thames, wana daftari la hati za ardhi tangu 1709. Camberwell ilikuwa Surrey mpaka 1889, na Surrey hawakuwa na daftari kama hilo. (Ndugu zangu wa Mji Mkongwe hamjui mlivyobahatika, milango mingine huko imechongwa tarehe juu kabisa.)

Nanga yangu ilikuwa baa ya kona, ambayo haijawahi kubadili jina. Kutoka hapo nahesabu kaya moja moja kwenye sensa ya 1841, na kila mara napungukiwa milango miwili kabla ya kufika kona ya pili. Miwili! Nimehesabu kutoka kulia, nimehesabu kutoka kushoto, nimeota nahesabu. Tatizo lilikuwa kwenye tovuti ya kulipia ninayotumia: faharasa yake ni ya watu, na nyumba isiyo na mtu haimo kabisa. Nikaachana na kisanduku cha kutafutia, nikafungua picha za kurasa zenyewe, penseli imefifia kama ukungu, na pembeni kushoto ipo safu nyembamba ambayo karani aliweka U kwa nyumba tupu na B kwa nyumba inayojengwa. B mbili, zimefuatana, mahali pale pale milango inapokosekana. Hesabu ikakaa sawa kutoka pande zote mbili. Ramani ya parokia iliyochorwa na Dewhirst mwaka 1842 inaionyesha jozi hiyo imekamilika.

Mnaofanya kazi hii, chukueni daftari la miraba na penseli. Nilianza na jedwali la kompyuta likanichanganya tu. Mtaa unachorwa, hauorodheshwi.

Mwaka ukishajulikana, mengine yanajipanga yenyewe. Treni ilifika Camberwell 1862, kwa hiyo hiki ni kitongoji cha watu waliokwenda kazini kwa miguu au kwa basi la farasi. Sensa ya 1851 inanipa karani wa bima, mkewe, watoto watatu na mtumishi mmoja mzaliwa wa Suffolk. Hakuna mtu maarufu aliyewahi kuishi humu, na kwangu hiyo ndiyo thamani yake: majumba ya matajiri yameandikiwa sana, ya makarani ndiyo yanayovuliwa madirisha.

Na madirisha ni hoja nzito. Kodi ya vioo ilifutwa 1845, miaka minne baada ya B zangu. Ilitozwa kwa uzito, ndiyo maana vioo vyetu ni vyembamba na vidogo, na mbao zinazovitenganisha hazizidi upana wa kidole. Fremu ya juu haina vile vipembe vya pembeni vilivyokuja kuongezwa vioo vilipokuwa vikubwa na vizito. Umbo la mbao nimelinakili kwa waya wa solda: unaukandamiza, unautoa taratibu, unauchora. Kile kichana cha plastiki cha kunakilia umbo kinauzwa kila duka la vifaa na meno yake hulegea upesi.

Lile dirisha bandia la ubavuni, kila mpita njia anasema liliziibwa kukwepa ile kodi ya zamani ya madirisha. Nyuma yake kuna bomba la moshi! Liliwekwa kwa ajili ya mlingano tu.

Mpango ulikuwa nipande darini kupima mbao za paa. Nimeuweka kando. Jana jioni jua liliingia chini chini, nikaona vioo viwili vya juu vina mistari iliyopinda kama sehemu ya duara, dalili ya kioo kilichozungushwa kwa mkono. Simu haiinasi kabisa. Aliyewahi kuipiga picha aniambie aliweka taa upande gani.