Paiorea ni ugonjwa gani hasa?

Neno paiorea bado linazunguka. Utalikuta kwenye vitabu vya zamani vya tiba, kwenye vifungashio vya poda za meno na kwenye makala za afya zinazonakiliana. Asili yake ni Kigiriki, maana yake mtiririko wa usaha, na madaktari walilitumia kwa fizi zilizoharibika kiasi kwamba ukizibonyeza kwa kidole, usaha unachuruzika pembeni mwa jino. Marekani ya karne ya 19 iliuita pia ugonjwa wa Riggs, kwa jina la John Riggs, daktari wa meno wa Hartford aliyeshikilia kwamba dawa yake ni kukwangua uchafu kwenye mizizi ya meno, si kukata fizi.

Katika hilo Riggs alikuwa sahihi kuliko wengi waliomfuata. Kufikia 1915 walikuwapo watafiti waliomlaumu amiba wa kinywani, kijidudu cha seli moja, na kutibu fizi kwa sindano za dawa ya emetini. Wakati huohuo, baada ya hotuba ya daktari Mwingereza William Hunter huko Montreal mwaka 1910, ilienea imani kuwa usaha wa kinywani ndio unaoleta baridi yabisi na maradhi mengine chungu nzima. Meno mengi yaling'olewa bure.

Jina lenyewe liliachwa kwa sababu linataja dalili tu. Mtu anaweza kupoteza nusu ya mfupa unaoshikilia meno bila tone la usaha kuonekana, na usaha unaweza kutoka kwenye jipu la jino lililooza ilhali fizi ni nzima. Leo ugonjwa huu unaitwa periodontaitisi. Mfumo uliochapishwa 2018 unaupanga kwa hatua, ya 1 hadi ya 4, kufuatana na mfupa uliopotea, na kwa daraja A, B au C kufuatana na kasi yake. Ukisoma paiorea kwenye maandishi ya zamani, mara nyingi mwandishi anamaanisha hatua ya 3 au ya 4.

Usiichanganye na kiseyeye cha ukosefu wa vitamini C. Hapo fizi huvimba na kuvuja damu, lakini tiba yake ni vitamini yenyewe. Wala si ule ugonjwa wa fizi uliopewa jina la mahandaki kwa sababu uliwaandama wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Huo wa mahandaki huja ghafla, kwa siku chache, na unauma vibaya: ncha za fizi katikati ya meno zinaliwa kama zimechongwa, juu yake kuna utando wa kijivu, na pumzi inanuka. Paiorea haina haraka. Huchukua miaka, tena kwa kawaida haiumi, na hilo ndilo linalowaponza watu.

Chanzo cha paiorea ni ukoga, ule utando laini wa bakteria juu ya meno. Usipoondolewa, madini ya mate huugandisha ukawa ugaga mgumu ambao mswaki hauwezi kuutoa, na bakteria wakapata makazi chini ya fizi. Fizi huachana na jino, kikatokea kifuko. Daktari hukipima kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, sehemu sita kuzunguka kila jino: milimita 1 hadi 3 ni kawaida, 4 na kuendelea panatiliwa shaka, 6 na zaidi ni kifuko kirefu. Picha ya eksirei huonyesha mfupa uliobaki. Kwa wavutaji sigara kutovuja damu kusikudanganye, maana uvutaji huficha dalili hiyo huku mfupa ukiendelea kuliwa. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huuchochea.

Tiba ni ileile ya Riggs, kwa vifaa bora: kusafisha chini ya fizi hadi kwenye mzizi, mara nyingi kwa ganzi, kisha kupima tena baada ya miezi 3 hivi. Vifuko vilivyobaki virefu ndivyo vinavyoweza kuhitaji upasuaji. Kumeza antibiotiki peke yake hakufai, kwa kuwa bakteria wamejifunika ndani ya utando wao na ugaga bado upo. Kusukutua kwa maji ya chumvi hutuliza fizi juu juu. Hakufiki chini ya kifuko.

Fizi zikishanywea baada ya usafishaji, meno huonekana marefu na maji baridi huyasisimua. Wengi hudhani daktari ndiye aliyeyaharibu, kumbe uvimbe umeondoka na mzizi uliokuwa umefichwa uko wazi. Mfupa uliopotea kwa kawaida haurudi. Unachoweza kuulinda ni uliobaki: brashi ndogo za katikati ya meno kila siku, za ukubwa unaopita kwa kubana kidogo bila kulazimishwa, na usafishaji kliniki kila baada ya miezi 3 hadi 6.