Dufay alijitaja ndani ya sala

Padri mmoja mtunzi, Guillaume Dufay, kanoni (padri wa baraza) wa kanisa kuu la Cambrai kaskazini mwa Ufaransa ya leo, aliichukua antifona (wimbo mfupi wa ibada) ya kale ya Bikira Maria, Ave regina caelorum, akaitungia sauti nne. Ilikuwa kwenye miaka ya 1460, naye mzee tayari. Maneno ya kale hayakumtosha. Kati ya mstari na mstari alipachika ombi lake mwenyewe: Miserere tui labentis Dufay. Umhurumie Dufay wako anayekufa.

Mimi naimba tenori, sauti ya juu ya wanaume, katika kwaya ya parokia hapa Malindi, na sisi husoma solfa (do, re, mi), basi nieleze kwa solfa. Wimbo unaanza kwa uchangamfu, mi ikiwa juu mahali pake. Ikifika Miserere, mi inashuka nusu hatua, inakuwa ma, na muziki wote unaingia giza. Hatua hiyo ndogo hunisisimua mwili kila nikiisikia. Baadaye Dufay aliitumia tena katika Misa aliyoijenga juu ya wimbo uo huo, kwenye Mwanakondoo wa Mungu.

Tenori nayo! Katika nyimbo zetu nyingi za Jumapili kazi yetu ni kujaza katikati. Kwa Dufay, tenori ndiyo iliyobeba wimbo wa kale wa antifona.

Niliwasikilizisha wenzangu baada ya mazoezi, wakalalamika kwamba maneno hayasikiki kwa jinsi sauti zinavyopishana. Ni kweli zinapishana. Lakini walioimba Cambrai waliijua antifona hii kwa moyo, hawakuhitaji kusomewa. Kwa masikio kama hayo, jina la mtu katikati ya sala haliwezi kupita bila kusikika.

Katika wosia wake wa mwaka 1474 aliagiza kwamba saa yake ikikaribia, waimbaji wamwimbie utenzi kwa sauti ya chini kando ya kitanda, kisha watoto wa kwaya, mwalimu wao na watu wazima wawili wamwimbie Ave regina. Akafa tarehe 27 Novemba mwaka huo, wakati haukutosha, ikaimbwa akiwa maiti. (Vasco da Gama alitia nanga hapa kwetu miaka 24 baadaye.)

Wosia huo umenibadilisha. Tunapokwenda kuwaona wagonjwa huwa tunawaimbia tunachokipenda sisi. Siku hizi nawauliza kwanza. Mzee mmoja wa besi, kule Muyeye, alichagua Salamu Malkia, tena akataka besi aiimbe mwenyewe, vivyo hivyo alivyolala.

Ave regina nzima ni ngumu kwetu. Tumeanza na ile sehemu ya Miserere peke yake, sauti mbilimbili, nimeiandika kwa solfa kwenye karatasi kubwa ya manila. Bado wapo wanaoimba mi penye ma, kwa hiyo Jumamosi tutaipitia tena polepole kabla ya kuunganisha sauti zote nne.