Logan mnamwonea

Jana usiku nimemaliza Fable III kwa mara ya pili (ndiyo, gemu la 2010, msinicheke) na safari hii Logan, yule mfalme mnayemwita katili tu, nimemwacha hai. Mara ya kwanza nilimuua bila kupepesa macho. Ningemsameheje? Mwanzoni tu huyu, ambaye ni kaka wa mhusika unayemcheza, anakuweka mbele ya kiti chake cha enzi, anakulazimisha uchague nani auawe: mpenzi wako au waandamanaji.

Basi unampindua, unavaa taji, na kwenye kesi yake ndipo anafunguka. Giza lililommalizia askari wake kule Aurora, nchi ya ng'ambo, linakuja Albion, nchi yenu. Kumbe ule ukamuaji wake wote wa raia ulikuwa wa kutafuta pesa za jeshi. Sasa zigo ni lako: mwaka mmoja, vipande 6,500,000 vya dhahabu, na kila kipande kikipungua kuna raia anakufa.

Nilipofika kwenye kile kituo cha yatima, nikikarabati au nikigeuze danguro kiingize hela, kidole kiliganda juu ya kitufe. Nikaangalia hazina. Nikaangalia tena. Nikasema, kumbe ndugu yangu ulikaa na hesabu hii peke yako miaka yote!

Kumuua Meja Swift, ofisa wake wa jeshi, hilo simtetei, hapana. Na kosa lake kubwa kwangu ni ule ukimya. Hata mdogo wake wa damu hakumdokeza. Ila anayemwita katili tu, nitamuuliza: hazina yako ilifunga na ngapi?

Danguro nililijenga, kama mnataka kujua.